Mamluki wa Mwaka Tisini na Saba

Josephat alikuja kwangu Igoma na pikipiki yake, akaiegesha juu ya mchicha wa mke wangu, akaniambia kabla hata ya kukaa kwamba kamati imenipa kazi. Huyu Josephat nilimfundisha Jiografia miaka minne, na mpaka anamaliza hakujua ziwa letu linapakana na nchi ngapi, wakati dirisha la darasa lilikuwa linaliangalia. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi na ni mwenyekiti wa wote waliosoma Sekondari ya Nyamalwa. Dunia hii, acha tu.

"Mwalimu Venant," akasema, "shule inatimiza miaka hamsini. Tumeamua kuzienzi timu zote za zamani, na ya kwanza kabisa ni netiboli ya tisini na saba. Si unajua ndilo kombe pekee la mkoa tulilowahi kuleta? Sasa tunaomba utuandikie maisha ya Suzana Elias, yule mfungaji wetu. Kurasa mbili tu. Siku ya sherehe utazisoma mwenyewe."

Nikamwambia nimezeeka, macho hayaoni. Akacheka.

"Mwalimu, kocha ulikuwa wewe. Nani mwingine anajua?"

Nani mwingine anajua! Alisema kweli kuliko alivyodhani. Mkuu wetu wa wakati ule, aliyekuwa anajua, tulishamzika, na wanafunzi wa mwaka ule tuliwaonya wasimtaje mtu. Nikakubali kwa kichwa, akaondoka, mchicha ukabaki umelala. Nikachukua daftari, nikaandika: Suzana Elias alikuwa mchezaji hodari. Nikaifuta. Nikaandika tena, nikaifuta tena. Mke wangu Paskazia akaniuliza kama naandika barua ya uchumba.

Ngoja niseme hapa hapa, maana nimechoka kuzunguka. Suzana Elias hajawahi kucheza netiboli siku hata moja. Alikuwa msichana mpole wa kidato cha pili, anakohoa kila vumbi likipita, na mpira ukimjia alikuwa anafumba macho. Aliyefunga magoli yale yote ni msichana mwingine, na Nyamalwa hakuwahi kusoma. Alikuwa mamluki. Vijana wa leo huenda hamjui mambo ya michezo ya shule za zamani, kwa hiyo niwaeleze: mamluki ni mtu asiye mwanafunzi, anavalishwa jezi ya shule, anapewa jina la mwanafunzi wa kweli, anaingizwa uwanjani. Sisi makocha tulilalamika kila mwaka juu ya mamluki wa wenzetu, huku wa kwetu tumewaficha ndani ya basi. Nani alimleta yule? Mimi. Kwa mikono yangu hii.

Anaitwa Amondi, binti wa mzee Odoyo. Josephat anataka kurasa mbili za maisha ya Suzana. Mimi naandika ya Amondi, kwa kadiri ninavyoyajua, na sehemu ninayoijua zaidi ni ile niliyoiharibu mwenyewe.

Mzee Odoyo alitoka upande wa Shirati, huko Mara, akahamia ufukweni kwetu, kijiji cha Igombe, na familia yake kufuata sangara. Walikuwa Wasabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likianza kushuka, nyavu zake zilikuwa zimeshakunjwa, na hata ziwa lingejaa samaki mpaka ufukweni asingetia mtumbwi majini mpaka Jumamosi iishe. Amondi alikuwa mtoto wake wa tatu. Alimaliza darasa la saba na akafaulu, lakini miaka ile kufaulu kulikuwa jambo moja na kuchaguliwa jambo jingine. Katika darasa la watoto themanini walichaguliwa watatu. Amondi akabaki nyumbani, kazi yake ikawa kuanika dagaa mchangani asubuhi, kuwageuza mchana, na kuwaanua jioni.

Mimi nilimkuta Jumapili moja ya mwezi wa tano. Nilikwenda Igombe kununua samaki, nikawaona wasichana wamechimbia mti mchangani, juu wamefunga ringi ya baiskeli, wanacheza. Amondi alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mikono mirefu, magamba ya dagaa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Alikuwa hatazami hata ringi. Anapokea mpira, anageuka, anaachia, umeingia. Nikahesabu kumi na moja mfululizo, na samaki nikawasahau.

Wiki ile mfungaji wetu alikuwa ameteguka goti. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamebaki siku ishirini na tano. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa na uchu. Nilikuwa nimefundisha michezo pale Nyamalwa miaka tisa bila hata kikombe cha chai, na walimu wenzangu walikuwa wananiita Kocha wa Salamu, kwa sababu tulikuwa tunakwenda, tunasalimiana na wenzetu, tunafungwa, tunarudi.

Nikarudi Igombe kesho yake. Nikakaa na mzee Odoyo kwenye kigogo mbele ya nyumba yake, nikamdanganya. Nilimwambia shule ina mafunzo ya awali kwa watoto waliofaulu wakakosa nafasi. Kwa Amondi mwenyewe nilisema ukweli nusu. "Utacheza kwa jina la mwanafunzi wetu mmoja. Tukileta kombe, unaingia kidato cha kwanza hapa hapa Nyamalwa, kwa jina lako. Mkuu ana nafasi zake." Na Mkuu kweli nilikuwa nimemwambia, naye alikuwa ametikisa kichwa kukubali, ingawa Mkuu yule alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kitu kinachohusu kombe.

Amondi aliniuliza swali moja tu. "Kweli, Mwalimu?"

"Kweli kabisa," nikasema. "Ila uape hutamwambia mtu kwamba ulicheza. Hata mama yako."

Akaapa. Mzee Odoyo akanipa mkono wake mgumu wa mvuvi. "Mwalimu, nakukabidhi mtoto. Sabato tu, naomba aheshimiwe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Suzana nilimtoa shuleni nikampeleka kwa shangazi yake Mirongo, akae ndani wiki tatu, asionekane. Alifurahi maana ilikuwa karibu na mitihani. Kwenye fomu yake ya usajili nilibandua picha, nikabandika ya Amondi, nikagonga mhuri wa shule juu yake. Halafu nikaanza kumfundisha Amondi kuwa mwanafunzi. Hii ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, maana timu ikikushuku inakata rufaa, na mchezaji anaitwa mbele ya meza, anaulizwa: imba wimbo wa shule yenu, taja mwalimu wako wa Hisabati, Jumanne kipindi cha tatu mna somo gani? Mamluki wengi walikamatwa hapo. Wanajua kucheza, wimbo hawajui.

Amondi alijua. Mama yangu, yule mtoto alijua! Nilimpa madaftari ya Suzana ili azoee mwandiko tu, yeye akayasoma yote. Ratiba ya kidato cha pili aliikariri toka Jumatatu mpaka Ijumaa. Alijua bweni lipi linavuja na mwalimu yupi anapiga chafya akiandika ubaoni. Mara moja nilimkuta nyuma ya madarasa, amesimama chini ya dirisha, anasikiliza somo la Baiolojia kutoka nje. Nikamwambia arudi mazoezini.

Nusu fainali wakatukatia rufaa. Wakamwita. Mwalimu mmoja mwenye miwani, mkali, akamwambia aeleze jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Amondi akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, toka jua mpaka jani mpaka sukari, akaomba na karatasi achore. Yule mwenye miwani akafunga faili akasema, "Huyu ni mwanafunzi, tena mzuri. Mwalimu, hongera." Na mimi nikapokea hongera. Nikashika mkono wa yule bwana nikautikisa.

Fainali ikapangwa Jumamosi.

Asubuhi yake Amondi alikuja akiwa ameshavaa gauni lake la kanisani. "Mwalimu, leo ni Sabato." Nilikuwa najua, na ahadi niliyompa baba yake nilikuwa naikumbuka vizuri. Nikamwambia Mungu anaelewa. Sijui ni nani aliyeniteua mimi, Venant, Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, kumsemea Mungu wa Wasabato. Halafu akauliza tena kuhusu shule, kama bado ni kweli, nikasema ni kweli. Akaenda kubadili nguo.

Tulishinda magoli thelathini na moja kwa kumi na tisa, na ishirini na nne yalikuwa yake. Wanafunzi walimbeba mabegani wakizunguka uwanja, wanaimba "Suzana! Suzana!" na yeye anacheka, anapunga mkono. Picha ile bado iko ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mimi niko pembeni, nimeshika kombe, nimetoa meno yote.

Kumbe pale uwanjani kulikuwa na muumini mmoja wa Igombe. Hakujua mambo ya jina, alichojua ni kwamba binti wa mzee Odoyo alicheza mpira siku ya Sabato. Kanisa lao likamweka Amondi chini ya karipio. Mzee Odoyo, shemasi mzima, alisimama mbele ya waumini na binti yake, akaomba radhi. Haya niliyasikia baadaye, na sikwenda kumwona.

Jumatatu ya pili baada ya fainali, Amondi alikuja shuleni. Alikuwa na sanduku la bati na sketi ya bluu aliyoshonewa na mama yake, rangi imekosea kidogo, imekolea kuliko ya kwetu. Mimi siku tatu kabla nilikuwa nimekwenda kwa Mkuu kumkumbusha. Aliniangalia kama nimelewa.

"Venant, una akili kweli? Mkoa mzima unamjua huyo kama Suzana. Nikimwandikisha leo kwa jina la Amondi, kombe linarudi, kazi yangu inakwenda, na yako inakwenda."

Kwa hiyo ushindi wenyewe ndio uliomfungia mlango. Angekuwa hajui kufunga, huenda angesoma. Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mwenye mke na watoto wawili, nilipomwona anaingia getini na lile sanduku kichwani, nilifanya nini? Nilimwambia karani aseme nimesafiri, nina msiba Ukerewe. Halafu nikaingia stoo ya michezo nikajifungia.

Mle ndani kulikuwa giza na harufu ya mipira iliyooza. Kupitia ufa wa ubao nilimwona amekaa juu ya sanduku lake chini ya mlingoti wa bendera. Karani alimwambia, nilimwona anamwambia. Hakuondoka. Kipindi cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, mapumziko wanafunzi wakamzunguka, wengine wakamwita Suzana kwa utani, akawa anatabasamu. Kengele ya chakula ilipogonga akainuka, akapangusa sketi, akajitwika sanduku, akaenda. Nilikaa stoo nusu saa zaidi, kwa usalama. Usalama wa nani, hata leo sijui.

Toka siku ile sikukanyaga Igombe. Samaki nikawa nanunua Mwaloni Kirumba. Nilipandishwa cheo mwaka uliofuata, sababu mojawapo iliyoandikwa ni "mafanikio katika michezo". Nilistaafu kwa sherehe, nikapewa saa ya ukutani. Na kila nilipokutana na mwanafunzi wa zamani aliniambia, "Mwalimu, ile netiboli ya tisini na saba!" na mimi nikasema, "Acha kabisa."

Baada ya Josephat kunipa ile kazi, nilikaa siku nne. Ya tano nikapanda bodaboda mpaka Igombe. Sikuwa na uhakika kama bado yupo, hata kama bado yu hai. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza niliyemkuta, akaninyooshea kidole. "Mama Collins? Si yule pale kwenye chanja."

Alikuwa anageuza dagaa. Siku hizi hawaaniki mchangani, wana chanja za wavu. Alikuwa amenenepa kidogo, kitambaa kichwani, na mikono ni ile ile. Aliponiona aliacha kazi, akajifuta kwenye kanga, akaja moja kwa moja.

"Mwalimu Venant! Shikamoo."

Nilitamani angenitukana. Nilitamani achukue dagaa anirushie. "Marahaba," nikasema.

Akanipa kiti cha plastiki, akanipa maji, akaniuliza habari za nyumbani, za mke wangu, za afya. Mume wake alizama miaka sita iliyopita. Mtoto mkubwa, Collins, ni fundi wa mashine za mitumbwi. Binti mdogo, Princess, yuko kidato cha tatu. Niliposikia kidato cha tatu niliangalia chini.

Nikamwambia yote. Sherehe, Josephat, kurasa mbili za Suzana. Nikamwomba msamaha. Nilisema, "Mkuu alikataa, na mimi nilisafiri." Ndiyo, nimesema nawaeleza ukweli: pale pale, nikiomba msamaha, nilidanganya tena kuhusu ule msiba wa Ukerewe. Nilijiambia, angalau hilo halijui, kwa nini nimuumize. Yeye akatikisa kichwa taratibu.

"Mwalimu, uliniapisha nisiseme. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sijasema. Mama yangu alikufa hajui kwamba tulichukua kombe. Baba alijua nilicheza tu, matokeo hakutaka kuyasikia. Mume wangu nilimzalia watoto wawili, hakujua. Huyu Princess ananiona mimi ni mtu wa dagaa tu. Juzi ananiambia, mama, wewe huwezi kuelewa, wewe hukusoma." Akafukuza kunguru kwenye chanja. "Kiapo changu mimi nimekitunza."

Nikaweka kikombe cha maji chini.

"Nataka uniondolee," akasema. "Useme mbele za watu, na mwanangu asikie. Basi."

"Nitasema. Yote."

"Ni Jumapili?"

"Ni Jumapili."

"Basi nitakuja na Princess."

Suzana sikumpigia simu. Niliogopa. Siku hizi ni muuguzi mkubwa Geita, na huko kote anajulikana kwa ule ufungaji wake. Nilikuwa na hakika kwamba nikifungua mdomo namvua nguo hadharani, na yeye, na mimi, na shule nzima. Usingizi ulinikataa wiki mbili. Nilijiona nazomewa, nafukuzwa uwanjani, Josephat ananinyang'anya karatasi.

Siku ikafika. Maturubai, spika kubwa, ngoma kutoka Bujora, wali na kuku. Timu zilipita moja moja, wazee wenye vitambi wamebanwa na jezi mpya. Kila mtu aliyeshika maiki alijitambulisha kama ilivyo desturi ya wale waliosoma pamoja: jina, na mwaka aliomaliza. "Naitwa Ngosha, nilimaliza themanini na nne!" Vigelegele. "Naitwa Gladness, nilimaliza elfu mbili na tatu!" Vigelegele. Amondi nilimwona safu ya nyuma, gauni la kijani, Princess pembeni yake anachezea simu. Suzana alikuwa mbele kabisa, kifuani wamembandika karatasi ya dhahabu: Mfungaji Bora.

Nikaitwa. Karatasi nikaiweka mfukoni. Nikasema, "Ndugu zangu, mfungaji wa mwaka tisini na saba hakuwa Suzana. Nilileta mamluki."

Nikahesabu moja, mbili.

Halafu kicheko kikalipuka. Jamani, kicheko! Watu walipiga meza, walipiga miluzi. "Mwalimu fundi!" mmoja akapiga kelele. "Kocha wa Salamu, kumbe!" Josephat aliinama akishika magoti, machozi yanamtoka. Mgeni rasmi, ofisa wa elimu mzima, alivua miwani akafuta macho. Na Suzana, huyo Suzana niliyekosa usingizi kwa ajili yake, alisimama, akajibandua ile karatasi ya dhahabu, akaipunga juu. "Kweli kabisa! Mimi hata mpira wa makaratasi sijui kuudaka! Nilikuwa Mirongo nakula maandazi ya shangazi!" Wakazidi kuanguka.

Kumbe nilichokiogopa miaka ishirini na saba hakikuwa kitu. Kilikuwa kichekesho tu. Na sasa nitasema jambo ambalo linanitia aibu kuliko stoo. Nilinogewa. Wazee wenzangu mtanielewa, mtu ukichekewa na watu mia tatu mwili unapata joto. Nikawaeleza jinsi nilivyobandua picha. Nikaiga sauti ya yule mwalimu mwenye miwani. Nikasema, "Mmea ukaelezwa mpaka sukari!" wakapiga makofi. Ahadi sikuitaja. Sanduku sikulitaja. Nilikuwa nayafikiria yote mawili, naapa, lakini kila nilipotaka kuyasema nilisikia kicheko kingine kinakuja, nikakisubiri. Mwisho nikasema, "Na leo mwenyewe yuko hapa, Amondi Odoyo! Njoo mbele, mama!" nikaenda kukaa meza kuu, watu wananipa mikono.

Amondi akaja taratibu kati ya viti. Watu wamesimama, vigelegele, simu juu. Princess alikuwa ameacha simu yake, mdomo wazi. Josephat, bado anacheka, akampa maiki.

"Karibu mama yetu, shujaa wetu! Jitambulishe kama wenzako. Jina na mwaka uliomaliza."

Alishika ile maiki kwa mikono miwili.

"Naitwa Amondi Odoyo," akasema. Wakashangilia. Akangoja waishe. "Mwaka sina. Sikumaliza, kwa sababu sikuanza."

Wachache wakacheka, wakadhani ni utani unaoendelea. Hakucheka.

"Mwalimu aliniambia tukileta kombe nitasoma hapa. Kombe tulileta. Nikaja na sanduku langu, nikakaa pale, kwenye mlingoti, toka asubuhi mpaka kengele ya chakula. Nikaambiwa Mwalimu amesafiri, ana msiba."

Kicheko kilikuwa kimeisha kabisa. Hata wapiga ngoma walikuwa wamegeuka. Amondi akaniangalia, bila hasira, na nadhani ingekuwepo hasira ningeweza kuvumilia.

"Alikuwa stoo. Mlango wa ile stoo chini una nafasi, viatu vyake nilikuwa naviona. Vya kahawia. Nilingoja nikidhani atatoka. Baadaye nikafikiri, nikimwita, nitamwaibisha mbele ya wanafunzi wake, naye ni mwalimu. Nikajitwika sanduku nikaenda nyumbani."

Akasema asante. Hakuna aliyepiga makofi. Josephat alinigeukia, Suzana akanigeukia, na kule nyuma Princess alikuwa amesimama ananitazama.

"Ni kweli," nikasema. Lakini maiki ilikuwa bado mkononi mwa Amondi, kwa hiyo walionisikia ni wale wa meza kuu peke yao.